Bwawa la Samaki Karibu na Nyumba: Samaki Wangapi Watosha?

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya machifu, wazee na waalimu waliokusanyika barazani.)



Nimeombwa niseme nanyi kwa habari ya mabwawa ya samaki yachimbwayo karibu na nyumba zetu. Habari hii ni pana, na mtu akitaka kuieleza yote, tangu jembe la kwanza hata samaki kufika chunguni, siku moja haitoshi. Kwa hiyo nimechagua swali moja tu, nalo ndilo niulizwalo mezani pangu mara nyingi kuliko mengine yote: "Bwana karani, nitie samaki wangapi?" Swali hili laonekana dogo, lakini ndilo liamualo kama mwenye bwawa atakula samaki au atakula hasara.

Wengi wetu hufikiri hivi: ukitia wengi, utatoa wengi. Neno hilo ni kweli kwa fedha iwekwayo sandukuni, lakini si kweli kwa samaki majini. Mkulima alijua jambo hili tangu zamani. Hakuna mtu mwenye akili amwagaye mfuko mzima wa mahindi katika pembe moja ya shamba, maana ajua kwamba mabua yatakuwa membamba kama fito, na magunzi yatakuwa matupu. Mchungaji naye ajua ni ng'ombe wangapi waenezwao na malisho yake. Walakini shamba na malisho huonekana kwa macho, bali samaki wamefichwa na maji. Wakisongamana, hatuwaoni. Ndiyo maana katika kazi hii yapasa tuhesabu kwanza, wala tusingoje kuona.

Ufugaji wa samaki karibu na nyumba si jambo geni kwa Afrika. Huko Misri ya kale, yapata mwaka 1350 kabla ya kuzaliwa Kristo, palikuwa na mtu jina lake Nebamun, mwandishi na mhesabu wa nafaka. Katika kaburi lake palichorwa picha ya bustani, na katikati yake bwawa la pembe nne lenye samaki, mabata na mayungiyungi, limezungukwa na miti ya matunda. Picha hiyo ipo hata leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London, na samaki waliomo wafanana na perege wetu. Mimi niliye karani hufurahi kukumbuka kwamba mwenzangu wa zamani hizo alipenda kuwa na bwawa nyumbani.

Hapa Kenya perege walianza kufugwa katika mabwawa kwa majaribio katika miaka ya 1920, na mwaka 1948 Serikali ilianzisha kituo cha samaki huko Sagana. Kisha mwaka 2009 ukaja mpango mkubwa wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kwa majimbo 140. Kila bwawa lilipimwa mita 300 za mraba, na kila moja lilipangiwa vifaranga 1,000 vya samaki. Nawaomba mzishike hesabu hizi mbili, 300 na 1,000, maana tutazirudia.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kuna mipaka minne ambayo bwawa haliwezi kuivuka, hata mwenyewe akiwa tajiri wa vifaranga.

Mpaka wa kwanza ni hewa. Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, nayo ni kidogo mno. Lita moja ya maji yenye joto la digrii 20 yaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Joto likifika digrii 30 hushika miligramu 7 na nusu tu. Tena sisi tukaao nchi za juu, penye hewa nyepesi, hupata pungufu kidogo ya hizo. Mchana vijani vidogo mno viyafanyavyo maji kuwa ya kijani hutoa hewa kwa nguvu ya jua. Usiku jua halipo, na vijani vile vile huvuta hewa pamoja na samaki. Basi hewa hupungua saa baada ya saa, na alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mtu atakaye kujua kama samaki wake wamezidi, na aamke kabla ya jua aende bwawani. Akiwakuta wamepanda juu, midomo nje, wakitweta, ajue kwamba wanaomba msaada. Alasiri atawaona wazima wakicheza, naye atadhani hakuna neno.

Mpaka wa pili ni chakula. Bwawa ni kama chungu kimoja: ugali uliomo ni ule ule, wakija watu 4 au wakija 16. Nitatoa mfano wa hesabu ili waalimu wapate kuuandika ubaoni. Bwawa la mita 10 kwa mita 15 lina mita 150 za mraba. Tuseme kwamba kwa samadi na pumba bwawa hilo laweza kulisha samaki wenye uzito wa kilo 60 jumla. Ukitia samaki 300, kila mmoja aweza kufika gramu 200, naye atosha kuwekwa katika sahani ya mtu. Ukitia samaki 1,200, kila mmoja atapata gramu 50, yaani kidole na miba. Kilo ni zile zile 60, lakini wa kwanza amevuna chakula, na wa pili amevuna vifaranga alivyovinunua.

Labda mtu ataniambia, "Nitaongeza chakula." Vema, na tupige hesabu. Samaki wa gramu 200 hula kwa siku kiasi cha sehemu 3 katika 100 za uzito wake. Samaki 300 wa namna hiyo wataka kilo 1 na gramu 800 kila siku, yaani kilo 54 kwa mwezi. Samaki 1,200 wataka kilo 7 na gramu 200 kila siku, yaani kilo 216 kwa mwezi. Ni nani katika sisi mwenye kilo 216 za chakula cha kutupa majini kila mwezi, na huku kuku na ng'ombe wangoja? Hata akiwa nazo, atakuwa ameuruka mpaka wa pili na kugonga mpaka wa kwanza, kwa kuwa hewa haitawatosha.

Mpaka wa tatu ni uchafu. Samaki hula na kutoa taka katika maji yale yale. Kutokana na taka zao, na chakula kilichooza chini, hutoka sumu iitwayo amonia, ndiyo ile iwashayo pua katika banda la kuku lisilofagiwa. Samaki wakiwa wachache, bwawa lenyewe huisafisha sumu hiyo polepole kwa kazi ya viumbe vidogo. Wakizidi, sumu huizidi kazi hiyo. Samaki hukonda, huugua, na magonjwa huambukizana upesi kama katika nyumba walalayo watu 20 chumba kimoja.

Mpaka wa nne ni uzazi, nao ndio uwadanganyao wengi. Perege, ambaye watu wa ziwani humwita ngege, na sokoni siku hizi huitwa tilapia, ni mzazi hodari. Jike huyachukua mayai yake kinywani na kuyaatamia humo, na watoto wakiisha kutoka hukimbilia kinywa cha mama yao waonapo hatari. Kwa hiyo wengi hupona. Katika maji ya joto aweza kuanza kuzaa akiwa na umri wa miezi 3 hivi, na kurudia kila mwezi mmoja au mwezi na nusu. Basi mtu alitia 300 kwa hesabu nzuri, akaenda zake akifurahi. Baada ya nusu mwaka ana maelfu, wote wadogo, wala hakununua hata mmoja wa kuongeza. Hakuuvunja mpaka yeye. Samaki wenyewe waliuvunja.

Kuna njia tatu za kuzuia jambo hilo. Ya kwanza ni kufuga madume tu, kwa kuwa dume hukua upesi kuliko jike na hawezi kuzaa peke yake. Wenye vituo vya vifaranga huwapa watoto wa samaki chakula chenye dawa katika wiki 3 au 4 za kwanza, nao karibu wote huwa madume. Mtu aweza pia kuwachagua kwa mkono wafikapo gramu 30 hivi: chini ya tumbo dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Kazi hiyo yataka macho mazuri na subira, na vijana wa shule huiweza kuliko wazee. Njia ya pili ni kutia kambare wachache wale watoto wa perege. Lakini kambare awe mdogo kuliko perege siku ya kumtia, ama sivyo atawala wale wale uliowakusudia kwa chakula chako. Njia ya tatu ni kulikausha bwawa lote baada ya miezi 6 hata 8, kuvuna wote, na kuanza upya. Mwenye kuvua wakubwa tu, na kuwaacha wadogo mwaka hata mwaka, hubaki na bwawa la vibete.

Baada ya kuieleza mipaka hiyo, sasa naweza kutoa jibu. Pima juu ya bwawa lako kwa mita. Asiye na kipimo na atumie hatua: hatua moja ndefu ya mtu mzima hukaribia mita moja. Zidisha urefu kwa upana. Kina kiwe kama nusu mita upande wa juu, na mita moja au zaidi kidogo upande wa chini. Kisha fuata hesabu hii ya perege:

Mwenye kutumia samadi peke yake, bila chakula kingine, atie mmoja au wawili katika kila mita ya mraba.

Mwenye kutumia samadi pamoja na pumba na mabaki ya jikoni kila siku, atie wawili.

Mwenye kununua chakula kizuri cha samaki na kukitoa kila siku kwa kipimo, atie watatu, au wazidi kidogo.

Sasa kumbukeni zile hesabu nilizowaomba mzishike. Samaki 1,000 katika mita 300 ni 3 na kidogo kwa kila mita, yaani hesabu ya mtu mwenye chakula cha kununua. Palipokosekana chakula hicho, hesabu ile ile ilikuwa kubwa mno. Wako waliopokea vifaranga kwa furaha mwaka wa kwanza, na wa pili wakakosa fedha ya chakula, wakaona samaki hawakui, wakaliacha bwawa. Na bwawa lililoachwa halikai bure: humea majani, na mbu hupanga humo bila kulipa kodi. Mwenye chakula cha samaki 300 angetia 300, leo angali akivua.

Hesabu wachache watakaokufa au kuliwa na mdiria, korongo na fisimaji. Kwa kila 10 ongeza mmoja, basi. Aliyekusudia 300 na anunue 330. Asiseme, "Ndege ni wengi, nitatia 900." Huyo hajawazuia ndege, amewaandalia karamu. Tena mahali penye baridi, ambapo maji hukaa chini ya digrii 20, perege hula kidogo na kukua polepole. Huko yafaa kupunguza hesabu, wala si kuongeza.

Mtu mwingine aweza kuniuliza, "Mbona nimesikia habari za watu wafugao makumi ya samaki katika mita moja?" Ni kweli. Lakini hao wana mashine za kutia hewa usiku na mchana, au maji yapitayo daima, au wameviweka vizimba vyao vya wavu ndani ya ziwa, ambako maji mapya hupita kila saa. Maji ya bwawa lako yamesimama. Anayesimama asishindane na anayepita.

Wako pia watu wa mijini wafugao samaki wa pambo waitwao koi, nao huuliza swali lile lile. Samaki hao asili yao ni Japani, katika milima ya mkoa wa Niigata, ambako wakulima wa mpunga waliokuwa wakifuga kapi kwa chakula waliona baadhi yao wana rangi nyekundu na nyeupe, wakaanza kuwachagua na kuwazalisha katika karne ya 19. Mwaka 1914 walionyeshwa mjini Tokyo, na tangu hapo sifa zao zikaenea. Mtu humnunua akiwa urefu wa kidole, akatia 30 katika kidimbwi cha lita 6,000, akaona pana nafasi tele. Lakini koi hukua kufika sentimita 60 na zaidi, na huishi miaka mingi sana. Perege humla baada ya miezi 8. Koi utakaa naye mpaka mtoto wako aoe. Kwa hiyo wafugaji wazoefu hutoa lita 1,000, yaani madebe 50 ya maji, kwa kila samaki mmoja, na juu ya hayo huweka chujio na mashine ya kuzungusha maji. Kidimbwi kile chafaa 6, si 30. Nimewatajia habari hiyo kwa kuwa somo lake latufaa sote: usimhesabu samaki kwa ukubwa alio nao siku ya kumnunua, bali kwa ukubwa utakaomtaka awe nao.

Hata mtu akiianza kazi kwa hesabu nzuri, yampasa aitazame. Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Daftari la shule latosha. Andika siku ya kutia, idadi, na uzito. Kila mwezi vua samaki 20 au 30 kwa wavu, wapime pamoja kwa mizani ya dukani, ugawanye, uandike, kisha uwarudishe upesi. Uzito ukipanda kila mwezi, hesabu yako ni njema. Ukisimama miezi miwili, samaki wamezidi au chakula kimepungua: punguza samaki au ongeza chakula. Tena tia mkono majini hata kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni maji yafikapo kiwiko, ukijani wa maji ni wa kadiri. Kikipotea mapema sana, acha samadi kwa siku kadhaa, maana vijani vimezidi na hewa ya alfajiri itapungua.

Na wale unaowapunguza uwapeleke wapi? Wala, wauze, au uwape kuku. Usiwatupe mtoni kamwe, na mfereji wa kutolea maji uwe na wavu. Katika miaka ya 1950 perege wa Mto Naili alitiwa katika Ziwa Viktoria, pamoja na samaki wengine wageni, na leo ngege wa asili wa ziwa hilo, waliolisha babu zetu, wamekuwa adimu. Kumtoa samaki bwawani ni kazi ya siku moja. Kumtoa mtoni haiwezekani.

Sasa nina neno kwenu, Mabwana Machifu. Mkutanapo na watu barazani, nawasihi msimsifu mtu kwa wingi wa vifaranga alivyotia. Katika karatasi zetu huandikwa upesi ni wangapi walioingia, na mara chache huulizwa ni kilo ngapi zilizotoka. Ulizeni kilo. Mtu akijua kwamba ataulizwa kilo, hatasongamanisha samaki wake kwa kutafuta jina.

Nanyi mabwana na mabibi waalimu, kidimbwi cha shule ni kitabu cha hesabu kisichochakaa. Humo mna kuzidisha, kugawanya, sehemu za mia na vipimo vya uzito. Hapo mtoto atajifunza kwa macho yake kwamba 60 kugawanywa kwa 300 si sawa na 60 kugawanywa kwa 1,200, na akienda nyumbani atamweleza baba yake. Baba ambaye hakunisikiliza mimi, huenda akamsikiliza mwanawe.

Najua kwamba ni vigumu kwa mtu aliyetoka jasho kuchimba bwawa kubwa kulitia samaki wachache, na jirani akipita amcheke. Na acheke. Siku ya kuvuna, jirani yule atakuja na kikapu. Samaki mmoja wa kushiba ni bora kuliko wanne wa kuonja, hasa kwa mama mwenye watoto wadogo, ambao miili yao yataka nyama ya samaki ili ikue, wala haijengwi na idadi iliyoandikwa karatasini.

Basi atakayekwenda nyumbani na neno moja tu, na achukue hili: pima maji yako, pima chakula chako, ndipo uhesabu samaki. Walio na maswali na wabaki, nami nitawajibu kwa kadiri niwezavyo, na mwenye vipimo vya bwawa lake na avilete tuvipigie hesabu pamoja hapa mezani.